Kusoma bahari ya kale kwenye jiwe mchanga: mwongozo wa kazi ya uwandani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimekuta jiwe lina viwimbi kama vya ufukweni. Je, hapa palikuwa na bahari?" La pili hufuata papo hapo: "Na kina chake kilikuwa kiasi gani?" Wanaouliza ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiolojia, walimu wa jiografia wanaopeleka madarasa yao nje, na watu wanaoishi karibu na machimbo ya mawe ambao hawawezi kupita penye jambo la ajabu bila kulichunguza.

Jibu fupi ni kwamba viwimbi peke yake havithibitishi bahari. Mto unavyo, Ziwa Tanganyika linavyo, hata jangwa linavyo. Nairobi kuna nyumba nyingi zilizotandazwa mawe yanayouzwa kwa jina la Mazeras, na ukiinama kuyaangalia huenda ukaona viwimbi vizuri kabisa. Lakini miamba ya mchanga ya Mazeras, japo iko jirani na bahari ya Mombasa, wanajiolojia wengi huisoma kuwa ni mchanga wa mito, na ndani yake kuna magogo ya miti yaliyogeuka jiwe. Ukaribu na pwani ya leo hauna ushahidi wowote juu ya pwani ya jana.

Bahari huthibitishwa na alama kadhaa zinazokubaliana, zikiwa zimepangana kwa namna ambayo mto au ziwa haliwezi kuzipanga. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzikusanya alama hizo bila kurukia jina la mazingira mapema. Mara kwa mara nitarejea Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Wengi wanakijua kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Kinachosemwa mara chache ni kwamba matabaka matatu makuu yenye mifupa yametenganishwa na matabaka ya mchanga yenye kombe za baharini. Takriban miaka milioni 150 iliyopita bahari iliingia pale na kurudi nyuma zaidi ya mara moja, na mchanga ndio uliobaki kama shahidi.

Vitu vya kuwa navyo

- Nyundo ya kijiolojia na miwani ya kukinga macho. Kipande cha jiwe kikiruka hakichagui pa kutua.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10.
- Dira yenye kipima mwinamo. Dira ya simu itumie kwa dharura tu, kwa sababu chuma kilicho karibu huipotosha.
- Futi kamba ya mita 5, na rula fupi ya kuweka kwenye kila picha.
- Kadi ya kulinganishia ukubwa wa punje. Ukiikosa, jitengenezee kwa kubandika mchanga uliochekechwa kwenye kipande cha plastiki.
- Chupa ndogo ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, yenye kidondoshi.
- Chupa ya maji ya kunyunyizia na brashi laini. Jiwe kavu lililochakaa huficha mengi. Likilowa, vitabaka hujitokeza.
- Daftari gumu na penseli. Wino huyeyuka mvua ikinyesha.
- Ruhusa. Kwa utafiti rasmi, kibali hutoka kwa tume ya taifa ya sayansi na teknolojia: Tanzania ni COSTECH na Kenya ni NACOSTI. Na popote pale, pita kwanza ofisi ya kijiji na kwa mwenye shamba au machimbo. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mwamba, usivichimbe wala kuvibeba bila kibali.

Na kabla ya kwenda kwenye mwamba, nenda ufukweni. Hili nalisisitiza kwa sababu wanaoliruka ndio wanaohangaika zaidi baadaye. Chagua siku ya bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakiwa yamekupwa. Kunduchi, Bagamoyo, Jambiani na Shela pote panafaa. Chukua jembe, chimba mfereji wa kina cha magoti kwenye mchanga mbichi, kisha ulainishe ukuta wake kwa ubapa wa panga. Ndani utaona vitabaka: vingine bapa, vingine vya mshazari, vingine vimevurugwa na kaa. Chora ulichokiona. Mchoro huo utakusaidia kuliko kurasa kumi za nadharia.

Hatua ya 1: Simama mbali na ukuta

Usikimbilie kubandika lenzi kwenye jiwe. Rudi nyuma mita 20 au 30 hadi ukuta wote uingie machoni. Je, matabaka yana unene ule ule kutoka upande huu hadi ule, au yanafifia na kupotea? Kuna mahali tabaka moja limekata yaliyo chini yake na kuacha umbo la mfereji? Matabaka yanakuwa manene kadiri unavyopanda juu, au membamba? Chora, kisha piga picha. Picha haichagui, ila mkono unaochora hulazimika kuamua mstari upi ni wa tabaka na upi ni ufa tu.

Nenda asubuhi au alasiri. Jua la saa sita hufuta vivuli, na miundo mingi ya mchanga huonekana kwa vivuli tu. Mwanga wa ubavu huonyesha hata kiwimbi cha nusu sentimita.

Hatua ya 2: Hakikisha upande wa juu

Kosa linalojirudia ni kusoma jabali lililoporomoka kana kwamba liko mahali pake. Gusa, zunguka, hakikisha kipande kimeungana na ukuta. Kisha tafuta alama za juu na chini. Vitabaka vya mshazari kwa kawaida hulala taratibu sehemu ya chini na kukatwa ghafla sehemu ya juu. Kiwimbi cha mawimbi kina kilele kikali kinachoelekea juu na bonde la mviringo. Nyufa za tope lililokauka huwa pana juu na nyembamba chini. Mchanga uliotua juu ya tope laini hujitosa ndani yake na kuacha matumbo yanayoning'inia.

Alama mbili zikikubaliana, endelea.

Hatua ya 3: Andika logi ya tabaka

Anzia chini, panda juu. Kwa kila tabaka andika unene, aina ya jiwe, ukubwa wa punje, miundo, visukuku, na namna linavyopakana na tabaka la juu yake: je, mpaka ni mkali, ni wa taratibu, au umechimbwa? Mpaka ndio unaosahaulika zaidi, na mara nyingi ndio wenye habari kubwa. Mpaka uliochimbwa, wenye kokoto na kombe zilizovunjika juu yake, unaweza kuwa ndio mahali bahari iliporudi juu ya nchi kavu.

Pima unene kwa kusimamisha futi kamba pembe mraba na tabaka. Matabaka yakiwa yameinama na wewe ukapima wima tu, kila tabaka litaonekana nene kuliko lilivyo.

Katika hatua hii usiandike neno "ufukwe", "delta" au "bahari" popote. Andika unachoona. Daftari lenye tafsiri badala ya maelezo haliwezi kusahihishwa baadaye, kwa kuwa ushahidi haumo.

Hatua ya 4: Punje

Mchanga ni punje za milimita 0.0625 hadi 2. Mchanga mwembamba ni 0.125 hadi 0.25, wa wastani 0.25 hadi 0.5, wa chenga kubwa 0.5 hadi 1. Vipimo hivi vina kazi: viwimbi vidogo vya mkondo havijengeki kwenye mchanga unaozidi takriban milimita 0.6, kwa hiyo kutokuwepo kwake kwenye mchanga mkubwa hakuelezi lolote kuhusu nguvu ya maji.

Angalia pia kama punje zinalingana. Mawimbi ya ufukweni huchekecha mchana na usiku, na mchanga wake mara nyingi huwa wa ukubwa mmoja, safi, bila tope. Mchanga wa mto wenye mafuriko huwa umechanganyika.

Dondosha asidi. Ikitoa povu kwa nguvu, kuna chokaa: huenda ni saruji ya asili kati ya punje au vipande vya kombe. Na hapa kuna onyo kwa walioko Dar es Salaam, Unguja na Mombasa: mawe mengi ya ukingoni mwa bahari ni matumbawe, wala si jiwe mchanga. Mwongozo huu hautakusaidia huko.

Kwa lenzi tafuta punje za kijani kibichi iliyokolea, za mviringo. Huenda zikawa glokonaiti, madini yanayoundwa kwenye sakafu ya bahari pale ambapo mashapo yanajikusanya polepole. Ni shahidi mzuri wa bahari, ila kumbuka punje zake zinaweza kung'olewa kwenye mwamba wa zamani na kutupwa upya kwingine.

Hatua ya 5: Soma miundo

Hapa ndipo penye uhondo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Viwimbi. Kata kiwimbi kwa macho, ukitazama ubavu wake. Pande mbili zikilingana, na vilele ukivitazama kutoka juu vikiwa vimenyooka na kugawanyika mara kwa mara mithili ya manati, ni kazi ya mawimbi yaliyosukuma maji mbele na nyuma. Upande mmoja ukiwa mkali kuliko mwingine, ni mkondo, na upande mkali ndio ulikokuwa ukielekea. Viwimbi vya upepo ni bapa sana: urefu kutoka kilele hadi kilele ukigawanywa kwa kimo hupita 15 kwa kawaida, na punje kubwa hukaa kileleni. Ukikuta viwimbi vya mawimbi, umethibitisha maji yaliyo wazi kwa upepo. Bado inaweza kuwa ziwa.

Mshazari. Vitabaka vya mshazari vikiwa na kimo cha sentimita kumi hadi mita moja au zaidi ni matuta ya mchanga yaliyotembea. Vyote vikiinama upande mmoja, mkondo ulikuwa wa upande mmoja, na mto unaingia kwenye orodha. Seti moja ikiinama mashariki na iliyo juu yake ikainama magharibi, kwa umbo la mifupa ya samaki, umekaribia maji kujaa na maji kupwa.

Lakini simama hapo. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa wanafunzi wengi, hata wazuri. Matuta ya mchanga yenye umbo la mwezi mchanga, ukiyakata kwa ukuta uliokingamana na mkondo, hukuonyesha mabakuli yanayoinama huku na huku ingawa mkondo ulikuwa mmoja tu. Kabla hujaandika "mifupa ya samaki", tafuta ukuta wa pili uliopinda kutoka ule wa kwanza, au jiwe lililojitokeza kwa pande tatu, na uone mwinamo wa kweli. Bila uso wa pili, andika tu: "mwinamo unaonekana wa pande mbili, haujathibitishwa."

Tope ndani ya mchanga. Kwangu mimi huu ndio ushahidi bora wa maji kujaa na kupwa, kuliko hata mifupa ya samaki. Maji yakibadilika mwelekeo, hutulia kwa muda mfupi, na tope lililokuwa likielea hutua. Kwenye uso wa tuta hubaki utando mweusi usiozidi milimita chache. Chukua lenzi, lowesha jiwe, fuata utando mmoja kwa kidole. Mara nyingine utakuta tando mbili zilizokaribiana, na kati yake mchanga mwembamba kama kucha. Utando wa kwanza ulitua maji yalipomaliza kujaa, mchanga mwembamba ukaletwa na mkondo dhaifu wa kurudi, na utando wa pili ukatua maji yalipomaliza kupwa. Jozi moja kama hiyo ni takriban nusu siku, iliyohifadhiwa kwenye jiwe.

Kisha pima umbali kati ya jozi na jozi kando ya tuta. Ukikuta umbali unakua taratibu, kisha unapungua, kisha unakua tena, unaona bamvua na maji mafu. Pwani ambazo maji hujaa mara mbili kwa siku, kama zetu, kutoka bamvua hadi bamvua ni takriban siku 15, na hifadhi kamili hukaribia jozi 28. Ni nadra kupata zote, kwani wakati wa maji mafu mkondo unaweza kushindwa kabisa kusogeza tuta. Hata kumi na tano zenye mwendo huo zinatosha kuufunga mjadala, maana hakuna mto wala ziwa linalofuata kalenda ya mwezi. Mto ukikutana na bahari mdomoni, kama delta ya Rufiji yenye mikoko yake, unaweza kuwa na alama hizi pia, na ndiyo maana jibu lako huenda likawa "mdomo wa mto" badala ya "bahari".

Pale ambapo tope na mchanga hupigania nafasi, utakuta daraja tatu: mchanga mwingi wenye vipande vya tope mabondeni mwa viwimbi; mchanga na tope sawa kwa sawa; na tope jingi lenye visahani vya mchanga. Andika ni ipi iko chini na ipi iko juu.

Nundu. Katika mchanga mwembamba au mwembamba sana, tafuta vitabaka vinavyopanda na kushuka kwa upole, mwinamo usiozidi nyuzi 15, kutoka nundu moja hadi nyingine mita 1 hadi 5, visivyo na mwelekeo mmoja. Hii ni kazi ya dhoruba, chini ya kina kinachofikiwa na mawimbi ya kawaida lakini juu ya kina ambacho mawimbi ya dhoruba huishia. Tabaka la namna hii huanza na mpaka mkali, pengine wenye kombe, na kumalizikia kwa viwimbi vya mawimbi na tope la utulivu. Maziwa makubwa nayo yana dhoruba, kwa hiyo usiitumie peke yake.

Vitabaka bapa vilivyoinama kidogo. Mchanga safi wenye vitabaka vyembamba, vilivyonyooka, vinavyoinama nyuzi chache tu na kukatana kwa pembe ndogo sana, ni ufukwe pale mawimbi yanapopanda na kushuka. Uliviona kwenye mfereji wako.

Chini ya tabaka. Inama uangalie dari ya tabaka lililojitokeza. Ukikuta vinundu virefu vyenye ncha butu upande mmoja na vinavyopanuka kuelekea upande mwingine, mkondo ulichonga tope na mchanga ukajaza. Ncha butu ndiko mkondo ulikotoka. Alama hizi zikiambatana na tabaka lenye punje kubwa chini na ndogo juu, kisha vitabaka bapa, kisha viwimbi, kisha tope, unaangalia mfuatano ulioelezwa na mwanajiolojia Arnold Bouma mwaka 1962: mchanga ulioporomoka kutoka juu ya mteremko na kutua kwenye maji ya kina. Matabaka ya namna hii ndiyo wanayoyasaka wenye kutafuta gesi kwenye bahari ya kina mbele ya Lindi na Mtwara. Na hapa tena Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, linatukanya: nalo lina mikondo ya aina hii sakafuni mwake. Kina kimethibitishwa, chumvi bado.

Hatua ya 6: Pima mwelekeo wa mikondo

Pima mwelekeo wa mwinamo wa vitabaka vya mshazari, mara 20 au zaidi kwa kila kundi la matabaka, kisha chora waridi la mielekeo, yaani mchoro wa duara unaoonyesha ni vipimo vingapi vinaelekea kila upande. Matabaka yenyewe yakiwa yameinama zaidi ya nyuzi 10 hadi 15, rudisha vipimo kwenye hali ya kulala kabla ya kuchora. Mielekeo miwili inayotazamana ni ishara ya maji kujaa na kupwa. Vilele vya viwimbi vya mawimbi hupimwa peke yake, kwa sababu kwa kawaida hukaa takriban sambamba na ufukwe wa kale. Usivichanganye na mikondo kwenye waridi moja.

Hatua ya 7: Viumbe na mashimo yao

Kombe nzima, tena zikiwa zimeungana pande mbili, hazijasafiri mbali. Tendaguru, kombe za jamii ya Trigonia ndani ya mchanga ndizo zinazokata mzizi wa fitina: hao waliishi baharini. Kombe zilizovunjika na kurundikana, zote zikiwa zimelala na mgongo juu, zimesukumwa na mkondo.

Mashimo yana faida moja kubwa: hayasafiri. Mirija iliyosimama wima kwenye mchanga safi huonyesha viumbe waliojificha kwenye mchanga unaohamahama, mahali penye nguvu ya maji. Njia za kulala, zinazojikunja kwenye tope, huonyesha utulivu zaidi. Mirija yenye kuta zilizopakwa vidonge vya tope ni makazi ya aina ya kamba wachimbaji, na jamaa zao bado wanachimba kwenye fukwe zetu. Mashimo mengi yakivuruga tabaka zima, mchanga ulikuwa ukijikusanya polepole. Yasipokuwepo kabisa kwenye tabaka nene, huenda lilitua kwa siku moja.

Hatua ya 8: Soma kwa wima

Sasa, na sasa tu, toa logi uanze kutafsiri. Kanuni ni moja, ya mwanajiolojia Johannes Walther, tangu 1894: pasipo na pengo, mazingira yaliyopangana wima kwenye ukuta ni yale yaliyokuwa majirani ubavu kwa ubavu.

Jaribu zoezi hili. Ukuta una mita 6. Mita 1.5 za chini ni jiwe la tope jeusi lenye vitabaka vyembamba vya mchanga na viwimbi vya mawimbi juu yake. Zinafuata mita 2 za mchanga mwembamba wenye nundu, na tope kati yake linapungua kadiri unavyopanda. Kisha mita 1.5 za mchanga wa wastani, wenye mshazari wa pande mbalimbali na mirija ya wima. Mita 1 ya juu ni mchanga safi wa vitabaka bapa vilivyoinama kidogo.

Soma kutoka chini: nje ya pwani kwenye utulivu unaofikiwa na dhoruba chache, kisha ukanda wa dhoruba, kisha ukanda unaopigwa na mawimbi kila siku, mwisho ufukwe wenyewe. Maji yalikuwa yakipungua kina, pwani ikisogea kuelekea baharini. Ukikuta mizizi juu ya yote, nchi kavu imefika. Ukikuta mpaka uliochimbwa, kokoto, kombe, kisha tope jeusi tena, bahari imerudi. Ni kwa kusoma namna hii, tabaka la kombe juu ya tabaka la mifupa, ndipo historia ya Tendaguru inapoeleweka: ardhi ya chini karibu na pwani, tambarare za maji kujaa na kupwa, na bahari ya kina kifupi vikipokezana mahali pamoja.

Kuhusu kina, usiandike mita moja moja. Andika ukanda. Wimbi hugusa sakafu kwenye kina kisichozidi takriban nusu ya urefu wake. Wimbi lenye mita 60 kutoka kilele hadi kilele huanza kuhisi sakafu kwenye mita 30. Mawimbi ya kale hukuyapima, kwa hiyo "juu ya kikomo cha mawimbi ya kila siku" au "kati ya kikomo hicho na kile cha dhoruba" ni jibu la kweli kuliko "mita 17".

Hatua ya 9: Andika hukumu yako

Sentensi moja ya mazingira, kisha ushahidi wake angalau wa aina tatu tofauti: muundo, punje au madini, na viumbe. Kisha andika mazingira mengine uliyoyafikiria na kwa nini umeyakataa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayompa msomaji sababu ya kukuamini.

Mambo yanapokwama

Jiwe limechakaa, sioni muundo wowote. Lowesha, piga brashi, ngoja mwanga wa ubavu. Ikishindikana, tafuta uso uliopigwa na upepo au maji kwa muda mrefu. Mara nyingi huonyesha vitabaka kuliko uso mpya uliovunjwa kwa nyundo. Na wakati mwingine muundo haupo kweli: viumbe wameuvuruga wote, au mchanga ulitua kwa mkupuo mmoja. Andika hivyo.

Rangi za kahawia na nyekundu zinafuata mistari isiyolingana na matabaka. Hizo ni pete za chuma zilizoachwa na maji ya ardhini baadaye sana. Zimewadanganya wengi. Fuata punje, usifuate rangi.

Hakuna kisukuku hata kimoja. Maji yenye tindikali huyeyusha kombe. Tafuta nafasi tupu zenye umbo la kombe, na tegemea mashimo ya viumbe pamoja na tando za tope.

Alama zinapingana: viwimbi vya mawimbi juu ya mshazari wa mto. Usichague moja na kuitupa nyingine. Mto ukiingia ziwani au baharini hufanya hivyo hasa. Angalia kama mpishano unajirudia kwenye logi nzima.

Tabaka moja nene, lenye kokoto na kombe, halifanani na mengine. Wazo la kwanza liwe dhoruba, kwa sababu dhoruba ni nyingi. Tsunami nayo ipo: Tendaguru kwenyewe, watafiti walioandika mwaka 2004 walilisoma tabaka moja la aina hii kuwa la tsunami, na mengine kuwa ya dhoruba. Kabla hujafika huko, fuatilia tabaka hilo umbali mrefu, pima mikondo yake, na uone kama limekuja kwa mapigo kadhaa ya kwenda na kurudi.

Wawili tumepima ukuta mmoja na majibu hayafanani. Msibishane juu ya majibu. Wekeni logi zenu mbili ubavu kwa ubavu, mtafute tabaka la kwanza ambalo maelezo yake yanatofautiana, kisha mrudi wote wawili kwenye tabaka hilo mkiwa na lenzi moja na chupa ya maji.